Kinywa cha Picha Bubu

Katika istilahi tunazozitumia vyuoni, filamu zilizotengenezwa kabla ya sauti kuunganishwa na picha, yaani kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1920, huitwa filamu bubu. Nimeifundisha istilahi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeiandika ubaoni, nimeisahihisha katika majibu ya mitihani, wala haikunipitia akilini kwamba huenda ina kasoro. Bubu ni mtu aliyenyimwa sauti. Je, ni nani aliyeinyima picha hii sauti, na lini? Swali hili halikunijia maktabani. Lilinijia mwaka 2020 katika ukumbi mmoja usiokuwako duniani, nilipokuwa mwonyeshaji wa filamu za aina hiyo, likanirudisha kwenye uwanja wa shule kijijini Wusi, katika milima ya Taita, nilikozaliwa. Makala haya, basi, ni tajriba ya mtu mmoja. Msomaji anayetafuta nadharia iliyofungwa vizuri huenda asiipate humu.

Kwanza nieleze ukumbi wenyewe. Kuna ulimwengu uliotungwa ndani ya intaneti uitwao Second Life, ambao ulifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani. Anayeingia humo hujichagulia umbo, hutembea au huruka, hununua kiwanja, hujenga, na huzungumza na wenzake kwa maandishi au, tangu mwaka 2007, kwa sauti yake mwenyewe. Wenye kuudharau huuita mchezo. Mimi pia niliudharau, hadi Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nami nikarejea Wusi na sanduku la vitabu na kompyuta moja. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi ng'ambo, alikuwa na kiwanja katika ulimwengu huo. Aliniandikia: "Mwalimu, njoo utufundishe huku. Huku hakuna kafyu." Nilicheka, kisha nikaenda.

Aliniuliza ningependa ukumbi wa namna gani. Nikamwambia: shuka nyeupe baina ya mikaratusi miwili, na watu wakae chini kwenye majani. Alishangaa kwamba sikutaka viti, ilhali humo viti havina gharama. Sikutambua wakati ule kwamba nilikuwa nikimwelekeza ajenge upya uwanja wa shule yetu.

Tulikutana kila Alhamisi saa tatu usiku, kwa saa za Afrika Mashariki. Niliteua filamu za kale, na sababu yake haikuwa ya kisanaa: kufikia mwaka ule filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1925 zilikwisha kuwa mali ya umma nchini humo, na hakuna ambaye angetudai. Tulianza na safari ya mwezini ya Georges Méliès ya mwaka 1902. Tukafuata Sherlock Jr. ya Buster Keaton, ya mwaka 1924, ambayo ni kisa cha mwonyeshaji wa sinema anayesinzia kando ya mashine yake, na nafsi yake ya ndotoni ikapanda jukwaani na kuingia ndani ya picha. Usiku huo mgeni mmoja, aliyekuwa na umbo la mbweha mwenye koti, aliinuka, akaenda hadi kwenye shuka, akapenya upande wa pili. Wengine walimfuata. Kwa dakika nzima nilibaki na uwanja mtupu, na hadhira yangu yote ikiwa nyuma ya picha. Sijui mhakiki gani wa filamu hiyo amewahi kutoa maoni mazuri kuliko hayo.

Hadhira yetu haikuzidi watu ishirini. Walikuwemo Waswahili wa Muscat, Watanzania wawili, Mkenya mmoja wa Minneapolis anayefanya kazi za usiku, na wageni wa lugha nyingine ambao walivutiwa na ile shuka. Hata hivyo palikuwa na jambo lililonisumbua tangu mwanzo. Katika ukumbi wa kawaida, mwanga mmoja hupiga kitambaa kimoja na watu wote huona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Katika ukumbi wetu, kila mtazamaji aliletewa picha na kompyuta yake mwenyewe. Aliyekuwa na laini nzuri alitangulia. Aliyekuwa na laini kama yangu, inayolegea ukungu unaposhuka (mafundi hukana uhusiano huo, lakini mimi ndiye niliyekaa dirishani), alichelewa kwa sekunde nane au kumi. Vicheko vilikuja kwa mafungu. Wa kwanza akicheka, wengine walijua kwamba jambo la kuchekesha linawajia njiani.

Wiki ya nne nikaanza kusema. Filamu hizi huwa na kadi za maandishi katikati ya matukio, na kadi hizo zilikuwa za Kiingereza. Yule wa Minneapolis aliomba nizisome kwa Kiswahili ili mama yake, aliyekuwa chumbani naye, afuate kisa. Nilisoma kadi ya kwanza na ya pili. Kufikia ya tatu nilijikuta nikisema mambo yasiyoandikwa: nani anamwonea wivu nani, kwa nini yule mzee amekunja uso. Sauti yangu iliwafikia wote kwa pamoja au karibu kwa pamoja, ingawa picha haikuwafikia hivyo. Jambo moja tuliloshiriki sote, basi, lilikuwa ni maneno. Baada ya onyesho mtazamaji mmoja kutoka Japani aliniandikia kwamba kwao kazi hiyo ilikuwa na jina: benshi, yaani msemaji aliyesimama kando ya pazia na kuisimulia picha. Watu waliendea ukumbi fulani kwa sababu ya msemaji wake, si kwa sababu ya filamu. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Sauti ilipoingia katika filamu kazi ikawapotea, na mwaka 1933 kijana huyo akajiua.

Niliisoma barua hiyo mara mbili, kisha nikafunga kompyuta. Nilikuwa nimemkumbuka baba mkubwa.

Baba mkubwa, ndugu mkubwa wa baba yangu, alikwenda vitani Burma na kikosi cha KAR, akarudi mwaka 1946 na Kiswahili cha jeshini, Kiingereza cha kusikiliza na sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Baadaye aliajiriwa kuwa mkalimani wa gari la sinema la serikali. Kazi hiyo aliifanya wakati wa ukoloni na miaka kadhaa baada ya uhuru. Mimi nilimwona kazini mara mbili tu, nikiwa na umri wa miaka minane hivi. Gari lilipanda kutoka Mwatate jioni na kusimama uwanjani. Shuka ilifungwa baina ya mikaratusi. Jenereta iliwekwa mbali kadiri waya ilivyoruhusu, na bado iliunguruma kama lori lililokwama. Baba mkubwa alisimama kando ya shuka na kipaza sauti mkononi, nusu ya uso wake ikiwa katika mwanga. Akianza kusema kwa Kitaita, hata wazee waliokuja kwa shingo upande waligeuza vichwa. Wanakijiji walimwita Bwana Sinema. Mzungu aliyekuja na gari, au baadaye ofisa wa wizara, hakuna aliyemkumbuka jina.

Historia ya magari hayo haijulikani sana miongoni mwetu wanafasihi, na nadhani tumejinyima kitu. Kati ya 1935 na 1937, kusini mwetu, ng'ambo ya mpaka, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliendeshwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zao zilihusu kahawa na chai, safura, kodi, akiba ya posta, na kijana anayepotea mjini. Zilikuwa picha zisizo na sauti, na maelezo ya lugha mbalimbali yalitiwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba nazo. Walitengeneza filamu zipatazo 35, na zinazojulikana kusalia ni tatu tu, ambazo zimehifadhiwa London. Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, iliyoongozwa na William Sellers, ambaye awali alikuwa afisa wa afya Nigeria. Shirika hilo lilidumu hadi 1955. Filamu zake nyingi pia hazikuwa na sauti, na hili lilikuwa kwa makusudi: filamu moja ingeweza kupelekwa Nigeria, Uganda na Kenya, na kila mahali mkalimani angeitia lugha.

Sellers aliamini kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha inayobadilika upesi, hivyo akaagiza matukio yawe marefu na mapole. Kila mwanafunzi wa vyombo vya habari amesikia kisa cha kuku, ambacho Marshall McLuhan alikirudia katika kitabu chake cha 1962: wanakijiji walionyeshwa filamu ya bwana afya akiondoa maji yaliyotuama, na walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Walioitengeneza hawakujua kuwa kuna kuku. Walirudia kuitazama, na kweli, kuku alipita pembeni kwa sekunde moja hivi. Kisa hiki hutumiwa kuthibitisha upungufu wa hadhira. Mimi naona kinathibitisha upungufu wa filamu. Katika dakika tano za bwana afya, kuku ndiye kiumbe pekee aliyefanya jambo lisilotarajiwa, na mtu yeyote aliyelelewa na hadithi za jioni angemshika huyo. Na tena, kisa hicho hakituambii kama palikuwa na msemaji kando ya pazia, na kama alikuwapo, alisema nini.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Katika uchambuzi wa fasihi simulizi tunasisitiza kwamba matini haiwezi kutenganishwa na utendaji wake: fanani, hadhira, mahali na wakati. Tunamkosoa anayechapisha ngano bila kumtaja mtambaji. Lakini tunapofika kwenye sinema ya magari, tunachambua filamu, tena tunaichambua kama ilivyo katika hifadhi za London, bila sauti, kana kwamba ndivyo ilivyowafikia watu wa Wusi. Haikuwafikia hivyo. Iliwafikia kwa kinywa cha mtu waliyemjua kwa jina na ukoo. Chukueni Mr. English at Home ya mwaka 1940, filamu inayoonyesha siku moja katika nyumba ya familia ya Kiingereza, ili Waafrika wajifunze nidhamu ya nyumbani. Mtu aliyerudi Burma, aliyewaona Waingereza wakiugua, wakilia na wakizikwa, akisimama kando ya picha hiyo na kipaza sauti mkononi, aliwaambia nini jirani zake?

Nakiri kwamba nilikuwa na jibu tayari, na lilinipendeza. Nilitaka baba mkubwa awe ameigeuza. Nilitaka, chini ya mngurumo wa jenereta na mbele ya pua ya ofisa asiyejua Kitaita, awe amesema maneno mengine kabisa. Milima hii ina historia ya ukaidi: Taita Hills Association ilipigania ardhi na ikapigwa marufuku mwaka 1940, pamoja na KCA na Ukamba Members Association. Niliona nafasi ya kuandika makala juu ya fanani mpinzani, makala ambayo jarida hili na mengine yangeipokea kwa furaha. Kilichokosekana ni ushahidi. Hakuna aliyerekodi neno lake hata moja. Filamu zilihifadhiwa katika makopo, na sauti ikaachiwa upepo.

Katika hali hiyo nilionyesha Within Our Gates, filamu ya Oscar Micheaux ya mwaka 1920, mojawapo ya filamu kongwe zilizosalia za mwongozaji Mmarekani mweusi. Ilipotea kwa miongo kadhaa, ikapatikana Hispania, ikakarabatiwa na Maktaba ya Bunge ya Marekani mwaka 1993. Nakala iliyopatikana ilikuwa na kadi za Kihispania. Kadi za Kiingereza zilizosalia zilikuwa chache mno, hivyo wakarabati walilazimika kuyarudisha maneno ya Micheaux kutoka katika tafsiri yake. Tunachokisoma leo ni maneno yake yaliyokwenda Hispania na kurudi. Niliwaeleza watazamaji haya kabla ya onyesho, na nilipokuwa nikizitafsiri kadi hizo kwa Kiswahili, yaani nikiyapeleka maneno yale safari ya tatu, nilihisi mkono wangu ukitetemeka kidogo. Wakarabati angalau walikuwa na Kihispania. Mimi kwa baba mkubwa nilikuwa na nini?

Nilikuwa na mama mkubwa. Mjane wake alikuwa hai, mwenye miaka zaidi ya themanini, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na katika miezi yote ile sikuwa nimemwuliza. Mhakiki huanza na maktaba, na mtu wa jikoni humkumbuka mwisho. Kwa hiyo jioni moja nilimwomba aje. Alikaa karibu na jiko la makaa, amejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi, nami nikamfungulia filamu fupi ya Charlie Chaplin ya mwaka 1917, The Immigrant, kwa kuwa nilikumbuka kwamba magari yale yaliweka kisa cha kuchekesha baada ya mafunzo, ili watu wasiondoke mapema.

"Huyu ni Chale," alisema kabla sijamweleza chochote.

Filamu inaanza melini. Wahamiaji wanakwenda Marekani, bahari inachafuka, na sahani ya supu inateleza mezani kutoka kwa Chale hadi kwa mwenzake na kurudi. Mama mkubwa akaanza kucheka, kisha akaanza kusema. Hakusema kwa sauti yake. Alikuwa akirudia maneno ya mumewe: jinsi meli ya askari ilivyotoka Mombasa, jinsi maharagwe yalivyohama kutoka sahani ya Mtaita hadi sahani ya Mkamba, na mtu wa Sagalla aliyeapa kwamba hatapanda tena chombo kisichokuwa na mizizi. Alijua mahali pa kunyamaza ili watu wacheke. Nilitafuta kalamu, na mikono ikanikataa.

Meli inapoiona sanamu ya Uhuru, maofisa wanakuja na kamba na kuwafunga wahamiaji wote pamoja kama mifugo. Chale anaitazama sanamu, anaitazama kamba. Mama mkubwa alinyamaza. Picha iliendelea, naye akaendelea kunyamaza, mpaka Chale alipompiga ofisa teke. Hapo akaendelea na kisa.

"Mama," nikamwuliza, "pale penye kamba alisema nini?"

"Pale hakusema kitu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Watu walikuwa wakingoja, na yeye kimya."

Msomaji anaweza kukisia moyo wangu ulivyoruka. Hii ndiyo hoja niliyoitafuta! Mkalimani wa serikali, mbele ya picha ya watu waliofungwa kamba chini ya sanamu ya Uhuru, anakataa kusema, na hadhira inaelewa. Nilikwisha kuanza kuiunda sentensi. Nikamwuliza kama ilikuwa kwa sababu ya serikali, kwa sababu ya mambo ya Hali ya Hatari ya miaka ile ya 1950, kwa sababu ya vita. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza mvua inakotoka.

"Alikuwa akinywa maji," akasema. "Koo lilikuwa limekauka. Alisema tangu jua kutua."

Nikamwuliza kuhusu filamu za mafunzo, za matuta ya mashambani na za kodi. Akasema kwamba hizo alizisoma kutoka karatasi aliyopewa, neno kwa neno, na usiku alijifunza karatasi ile kando ya taa ili asikosee. "Tulikuwa na watoto sita, mwanangu. Karatasi ilikuwa na mshahara. Chale hakuwa na karatasi." Baadhi ya jirani, akaongeza bila chuki, hawakumsamehe kwa ile karatasi hadi alipokufa. Na ndio hao hao waliokuwa wa kwanza kufika uwanjani gari lilipokuja.

Nimeyafikiria maneno hayo kwa muda mrefu. Sidai kwamba maji yanafuta ukimya. Huenda mtu akachagua mahali pa kunywa maji, na kati ya dakika zaidi ya ishirini za filamu ile, yeye alichagua pale, kila mara. Lakini huenda pia pale ndipo hadithi ilipompa pumziko, kwa kuwa kamba haihitaji mkalimani. Ninachojua ni kwamba nilikuwa tayari kumvisha baba mkubwa maneno, kama karatasi nyingine, tofauti yake ikiwa ni kwamba hii ingekuwa imeandikwa na mpwa wa wakati huu, msomi, mwenye nia njema. Naye katika maisha yake alikwisha kusoma karatasi za kutosha.

Alhamisi iliyofuata nilimwomba mama mkubwa asimulie mwenyewe. Nilimweleza kwamba wako watu wa mbali watakaomsikiliza, na kwamba wengi wao hawajui Kitaita. Akauliza kama wanajua kucheka. Nilimwonyesha umbo langu kwenye kioo, limeketi majanini baina ya mikaratusi, naye akasema kwamba mti wa kushoto ulikuwa umeinama zaidi. Niliwaambia watazamaji kwamba usiku ule hapatakuwa na tafsiri. Kisha nikamsogezea kikombe cha maji, kwa adabu ya kawaida, na kipaza sauti.

Alianza na meli. Vicheko vilikuja kwa mafungu, kama desturi, kwanza Muscat, kisha Minneapolis. Sahani ikateleza, maharagwe yakahama, mtu wa Sagalla akaapa. Kisha sanamu ikatokea kwenye shuka yangu, na maofisa wakaja na kamba. Mama mkubwa aliacha kusema. Aliutazama mkono wake, akauchukua kikombe, akanywa polepole hadi kikaisha.

Kwenye ukingo wa kioo maandishi yakaanza kuja, moja moja, kutoka kwa wale ambao picha ilikuwa haijawafikia: walikuwa wakiuliza kama sauti imekatika.